Santuri Zilizopita Kahe

Ukisikiliza vipindi vya zilipendwa mwaka mzima, utaona kuwa kalenda ya muziki wa Tanzania ni kalenda ya misiba. Januari ni Mbaraka Mwinshehe, aliyekufa kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979. Machi ni Marijani Rajabu, 1995. Aprili wanapokezana Bi Kidude, 2013, na Muhidin Gurumo, 2014. Desemba, tarehe 13, ni Remmy Ongala, 2010. Siku hiyo ikifika mtangazaji hupunguza sauti, huweka wimbo wa marehemu, hupokea simu za wasikilizaji watatu wanne wanaosema pengo lake halitazibika, halafu tangazo la sabuni linaingia na maisha yanaendelea.

Sina ugomvi na desturi hiyo. Kwetu kifo ndicho kinachoandikwa. Siku ya kuzaliwa ya mwanamuziki wa zamani hubishaniwa hadi na ndugu zake, siku aliyoingia studio hakuna aliyejali kuiweka kwenye daftari, lakini siku aliyozikwa kila mtu anaijua, kwa kuwa alikwenda makaburini au alitoa mchango. Taabu yangu ni nyingine. Chukua mtu anayesikiliza kipindi hicho akiwa Chekereni, kwenye tambarare ya mpunga chini ya mji wa Moshi, redio yake imeunganishwa na sabufa na mlima Kilimanjaro uko nyuma ya nyumba. Ahesabu misiba hiyo mmoja mmoja. Mbaraka ni wa Morogoro. Marijani ni wa Dar es Salaam. Bi Kidude ni wa Unguja. Gurumo alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kwenye bendi ya wafanyakazi iliyozaliwa ikiitwa NUTA Jazz mwaka 1964 na ambayo leo tunaijua kwa jina la Msondo Ngoma, na makao yake ni Dar. Remmy alizaliwa Kindu, Kongo, lakini Dar ilimchukua kabisa hata kituo cha daladala cha Sinza kikapewa jina lake. Upande wa mlimani hakuna kitu. Anayesikiliza atadhani kwamba huku watu walilima kahawa, wakafungua maduka, na muziki wakaazima.

Watani zetu watasema ndivyo ilivyokuwa. Wanasema Mchagga haingii dansini kabla hajapiga hesabu ya kiingilio na nauli ya kurudi. Utani una haki yake. Lakini historia ya muziki wa huku ipo, na ina tarehe zake. Haionekani kwa sababu haikupita Dar es Salaam. Ilipita Kahe.

Kahe ni kituo cha reli mwendo mfupi tu kutoka Chekereni, na ukikiona leo hutadhani kuwa kiliwahi kuamua jambo lolote. Reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, Waingereza walilaza reli yao kwa pupa kutoka Voi kupitia Taveta ili kulifuata jeshi la Wajerumani, na mwaka 1916 reli hizo mbili zikakutana Kahe. Kuanzia hapo Moshi ikawa na njia ya chuma ya kwenda Mombasa na Nairobi. Ya kwenda Dar es Salaam haikuwapo. Reli ya Tanga iliunganishwa na Reli ya Kati mwaka 1963 tu, Tanganyika ikiwa tayari huru. Kwa muda wa karibu nusu karne, mtu wa Moshi aliyetaka kupanda treni kwenda mji mkubwa alikwenda Kenya, na bidhaa zilizomfikia zilitoka huko huko: mabati, baiskeli, vitambaa, na santuri.

Nairobi nayo, mwanzoni mwa miaka ya 1950, ilikuwa imeanza kuchapa santuri zake yenyewe badala ya kuzipeleka Ulaya au India kama zamani. Siti binti Saad mwaka 1928 ilimbidi avuke bahari hadi Bombay kurekodi. Kizazi kilichofuata kilihitaji tu kufika Nairobi. Hilo ni badiliko kubwa kuliko mabadiliko mengi ya mitindo tunayoyapigia kelele, maana gharama ya santuri ilishuka na idadi ya watu wanaoweza kuimba na kusikika ikapanda.

Na pesa za kununua zilikuwepo mlimani. Bei ya kahawa ilipanda sana baada ya Vita Kuu ya Pili, na wakulima walikuwa wamejipanga katika chama chao cha ushirika, KNCU, tangu mwaka 1933. Ushirika ulijenga majengo mjini Moshi ambayo bado yanatumika. Mwaka 1951 Wachagga walimchagua Thomas Marealle kuwa Mangi Mkuu, na Marealle alikuwa mtu wa sherehe kwelikweli: kila Novemba kulikuwa na Siku ya Wachagga, na bendera ya Wachagga ikapepea. Huo ndio mwongo ambao gramafoni ya kukoroga kwa mkono ilianza kuonekana juu ya meza za nyumba za mlimani, karibu na picha ya ndoa. Anayesema huku hapakuwa na soko la muziki ajiulize ni nani waliokuwa wananunua sindano za gramafoni.

Kwenye tambarare mambo yalikuwa tofauti kidogo, na tofauti hiyo ina uzito kwa habari ninayoisimulia. Mashamba ya miwa ya TPC kule Arusha Chini, yaliyoanzishwa na Wadenishi mwaka 1930, yalileta vibarua kutoka kila upande wa nchi. Mlimani uliweza kuishi kwa Kichagga kuanzia ubatizo hadi mazishi, na hata hapo mtu wa Machame na mtu wa Rombo wasingeelewana vizuri. Kwenye tambarare hukuweza. Huko Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi, ya duka na ya kilabuni. Mwimbaji wa Moshi aliyetaka kusikika mlimani na tambarare kwa wimbo mmoja alilazimika kuimba Kiswahili, na akishaimba Kiswahili santuri yake iliweza kuuzwa Tanga, Mombasa na Nairobi bila kubadilishwa neno.

Hapo ndipo anapoingia Frank Humplick.

Alizaliwa Moshi mwaka 1927, baba Mzungu, mama Mchagga. Katika nchi iliyogawanya watu kwa rangi hadi kwenye foleni ya posta, alikuwa mtu wa katikati, na kwa namna fulani muziki wake nao ulikaa katikati. Alipiga gitaa kavu, lile ambalo wazee bado wanaliita galatoni, na aliimba na dada zake wawili, Thecla Clara na Maria Regina. Kwenye karatasi ya santuri waliandikwa Frank na Dada Zake. Walirekodi miaka ya 1950 kwa lebo ya Jambo ya Nairobi, santuri za mizunguko 78 kwa dakika, wimbo mmoja kila upande, kila wimbo dakika tatu hivi kwa sababu sahani haikuwa na nafasi zaidi.

Nimezisikiliza nyimbo hizo kwa miaka, na kinachonishika kila mara ni jinsi zinavyojiamini. Hakuna ngoma, hakuna tarumbeta, hakuna kinanda. Gitaa moja linatembea kwa vidole, na sauti tatu zinapangana kwa usahihi ambao sikio langu linausikia kuwa ni wa kwaya ya kanisa, ila maneno ni ya mapenzi, ya vituko na ya masengenyo ya mjini. Dansi la Dar es Salaam la miaka ile, ambalo Dar es Salaam Jazz Band walikuwa wamelianza tangu 1932, lilitaka ukumbi, saksafoni na watu wa kucheza. Muziki wa Frank na dada zake ulitaka sebule. Nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya kusahauliwa kwao: bendi ikifa inaacha ukumbi, inaacha wapinzani, inaacha vijana waliojifunzia humo na kuhamia bendi nyingine wakisimulia. Ndugu watatu na gitaa hawaachi hata orodha ya wanachama.

Lakini waliacha kesi. Chama cha kudai uhuru, TANU, kiliundwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954. Katika miaka iliyofuata Frank alitoa wimbo wa siasa uliojulikana kwa jina la Yes No, wimbo uliosimama upande wa wadai uhuru. Serikali ya kikoloni haikuupenda hata kidogo, ikaupiga marufuku. Mwanahistoria Mohamed Said, ambaye ameifuatilia historia ya TANU hadi kwenye vichochoro ambavyo vitabu rasmi havikuingia, ni miongoni mwa waliouweka wimbo huo katika habari za kupigania uhuru, na tunapaswa kumshukuru.

Hebu tulitazame tukio hilo taratibu, kwa sababu lina mambo ambayo mtu akipita haraka hayaoni. Kwanza, mlima wa miaka hiyo haukuwa ngome ya TANU. Wachagga wengi walikuwa na Mangi Mkuu wao, bendera yao, ushirika wao wenye pesa, na hawakuona haraka ya kufuata chama cha kutoka pwani. Upepo uligeuka baadaye, na mwaka 1960 kura ya Wachagga wenyewe ikaondoa cheo cha Mangi Mkuu. Kwa hiyo aliyeimba mambo ya uhuru akiwa Moshi katikati ya miaka ya 1950 hakuwa anafuata umati. Pili, kupiga marufuku santuri si sawa na kupiga marufuku mkutano. Mkutano una kiwanja na una polisi. Santuri iko chini ya kitanda, imefungwa kwenye khanga. Mkoloni aliyekasirishwa na wimbo wa dakika tatu alikuwa anakiri, bila kutaka, kwamba gramafoni imefika mahali ambapo hotuba haifiki. Tatu, mwimbaji mwenyewe alikuwa na damu ya Ulaya. Ilikuwa rahisi kwa serikali kumwita mchochezi kijana wa Kiafrika aliyekosa kazi, lakini huyu ungemwitaje?

Katika nchi nyingine siku ya marufuku hiyo ingekuwa inaadhimishwa. Waingereza kila baada ya miaka kadhaa hukumbushana wimbo wa Sex Pistols uliokataliwa na BBC wakati wa jubilii ya Malkia mwaka 1977. Sisi tuna wimbo uliotangulia huo kwa takriban miaka 20, uliopigwa marufuku kwa jambo zito zaidi, na Moshi hakuna hata kichochoro chenye jina la Humplick.

Njia ya Kahe iliendelea kufanya kazi yake hata baada ya uhuru. Akina Kinyonga wa Tanga ni mfano mzuri. Wilson na George, waliojifunzia Jamhuri Jazz, walielekea Arusha mwaka 1970 wakaanzisha Arusha Jazz, kisha wakavuka kwenda Nairobi, ambako bendi yao ikawa Simba Wanyika. Humo likachipuka tawi la Les Wanyika, na mwishoni mwa miaka ya 1970 likatoa Sina Makosa, wimbo ambao hadi leo ukipigwa harusini wazee na wajukuu wanainuka pamoja. Wakenya wanauhesabu kuwa wao, na hawakosei, maana studio, kiwanda na wanunuzi walikuwa kwao. Ila Kiswahili cha nyimbo zile ni cha Tanga, na walichofuata ni uelekeo ule ule wa zamani: Tanga, kaskazini, Nairobi.

Halafu njia ikafungwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na Februari mwaka huo Tanzania ikaufunga mpaka na Kenya. Ukabaki umefungwa hadi Novemba 1983. Wachumi wameandika mengi juu ya miaka hiyo, lakini katika vitabu vya muziki imetajwa kidogo mno. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Tangu miaka ya 1950, karibu kila santuri ya mwanamuziki wa Kitanzania iliyochezwa Moshi ilikuwa imechapwa ng'ambo ya mpaka wa Holili. Mpaka ulipofungwa, muziki mpya ukabaki wa Radio Tanzania Dar es Salaam: bendi zilirekodi katika studio ya redio, mkanda ukawekwa maktaba, wimbo ukarushwa hewani, na shabiki hakuwa na cha kununua. Ndiyo maana kizazi kizima kinazijua nyimbo za miaka hiyo kwa moyo lakini hakina hata moja kabatini. Vichochoro vya Holili na Tarakea vilipitisha sabuni, dawa ya meno na mafuta ya kula usiku, na kaseti zilipita mle mle, zikanakiliwa hadi sauti ikawa kama ya mtu anayeongea ndani ya pipa.

Ukiutazama msiba wa Januari 1979 kutokea Chekereni, unauona kwa sura nyingine. Redio husema Mbaraka alifia Mombasa kana kwamba Mombasa ni bahati mbaya ya ratiba. Si hivyo. Mpaka ulikuwa umefungwa, na bado mwanamuziki aliyependwa kuliko wote Tanzania alikuwa Kenya na bendi yake ya Super Volcano, kwa sababu santuri zake zilitoka Polygram ya Nairobi na wanunuzi wake wakubwa walikuwa huko. Shida, wimbo wake uliouzwa mno Kenya, ulikuwa unachezwa katika baa za Nairobi wakati Moshi watu wanausubiri redioni.

Kuna kijitawi kimoja cha habari ya Mbaraka ambacho watu wa Chekereni wana haki nacho. Mwaka 1970 Morogoro Jazz walikwenda Japani, kwenye maonyesho ya Osaka, na Mbaraka akarudi na wimbo alioupa jina la maonyesho hayo, Expo 70. Katikati ya miaka ya 1980 safari ikageuka. Wajapani ndio waliokuja, wakachimba mifereji ya mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, na Chekereni ikawa kijiji cha mpunga chenye kituo cha mafunzo ya kilimo kinachopokea wanafunzi kutoka nchi nyingine. Kwa wakulima Japani ikawa mitaro ya zege, trekta na mbegu za muda mfupi. Kwa mashabiki wa dansi waliokuwa wakilowa matope humo, Japani ilikuwa jina la kwenye wimbo tangu miaka 15 iliyotangulia.

Mpaka ulipofunguliwa, wimbo wa kwanza kuupanda mlima kwa nguvu haukuwa wa bendi yoyote ya Tanzania. Them Mushrooms, kundi la akina Harrison lililokuwa likipiga katika hoteli za pwani ya Kenya, walirekodi Jambo Bwana mwaka 1980. Teddy Kalanda Harrison ndiye aliyeutunga, kwa ajili ya watalii, kwa Kiswahili cha maneno machache ambayo mgeni angeweza kuyashika akiwa bado na kinywaji mkononi. Boney M wakauchukua mwaka 1983. Nakala zaidi ya 200,000 za santuri ya Them Mushrooms ziliuzwa katika mwongo huo, kisha wimbo ukapotea kwenye chati kama nyimbo zote zinavyopotea. Ila wapagazi wa Kilimanjaro hawakuuacha. Waliondoa jina la Kenya, wakaweka la mlima, wakaongeza majina ya kambi moja baada ya nyingine kadiri njia inavyopanda, na sasa kila kundi la wageni linaloshuka Marangu au Mweka huimbiwa kabla ya kugawa bahashishi. Sidhani kuna wimbo mwingine unaoimbwa mara nyingi zaidi katika mkoa huu. Wasomi wa muziki wanauona wa kitalii na wanakunja pua. Mimi nauheshimu, maana ni wimbo wa hotelini uliogeuzwa kuwa wimbo wa kazi na watu wanaobeba mizigo ya wengine kichwani.

Ya karibuni tuyapite haraka. Redio binafsi ziliingia miaka ya 1990, Bongo Fleva ikafuata, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 Lucas Mkenda, jina la ukoo ambalo mtu yeyote wa Rombo atalitambua, akaitikisa Afrika Mashariki yote akiitwa Mr Nice. Mtindo wake aliuita Takeu, yaani Tanzania, Kenya na Uganda kwa kuunganisha herufi za mwanzo. Wakosoaji walimcheka kwa nyimbo za kitoto. Hakuna aliyegundua kwamba alikuwa analenga soko lile lile ambalo watu wa upande wake wamelilenga tangu enzi ya santuri.

Njia yenyewe sasa imekufa upande mmoja. Treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilirudi Moshi Desemba 2019 baada ya takriban robo karne ya kimya, na inawaleta watu wa mlimani nyumbani kwa Krismasi, wakati kipaimara na harusi zinagongana wiki moja na bendi za matarumbeta za Kilutheri hazina nafasi hadi Mwaka Mpya. Kutoka Voi hakuji kitu kwa reli.

Frank Humplick hakuishia Moshi. Alihamia milima ya Usambara, akaishi Lushoto, na alifariki mwaka 2007, wakati vituo vya redio vilikuwa na habari nyingine. Hivi karibuni kampuni ya Mississippi Records ya Marekani ilikusanya nyimbo zake na za dada zake, ikazitoa upya kwenye santuri. Ndugu hao watatu wanapatikana tena, kwa kuagiza kutoka ng'ambo na kulipa ushuru wa forodha, na wanunuzi wengi ni vijana wa Ulaya na Marekani ambao hawajui Kahe iko wapi. Mwaka 2027 Frank atakuwa ametimiza miaka 100 tangu azaliwe. Halmashauri ya manispaa, vituo vya redio vya Moshi na maofisa utamaduni wa mkoa wana muda wa kutosha wa kuiandika tarehe hiyo. Kwa mara moja iwe ni tarehe ya kuzaliwa, na wimbo uliopigwa marufuku uchezwe mchana kweupe, pale stendi.